Mikono Iliyobaki Juu

“Mama Žofka, siku wakikuuliza kuhusu Vendelín wangu, utasema nini?” Otília aliwahi kumuuliza hivyo jirani yake Drahomíra, ambaye binti yake Žofka alisoma na Vendelín, wakianika shuka kila mmoja upande wake wa ua. Drahomíra akamjibu kwamba mtoto ni mtoto, asitie shaka.

Jioni ya mkutano wa shule ya chekechea, wazazi waliketi kwenye viti vya watoto, magoti yakikaribia videvu. Otília hakuitwa. Vendelín alichelewa kusema, na alikumbatia wenzake kupita kiasi. Baba mmoja alisema mwanawe ataanza kumwiga. Mwingine akasema yeye hana neno na mtoto, ila mjini iko shule ya watoto wa namna ile, atafaidi zaidi. Mwalimu mkuu akaomba wanaotaka aondoke wanyooshe mkono. Drahomíra alitazama kulia, akatazama kushoto, akanyoosha.

Azimio likapita. Mikono iliyonyooshwa haikushuka tena, hata walipoivuta.

Wakavaa makoti bega moja, wakaenda zao. Njiani mabasi yalisimama, yakidhani wanayasimamisha, mpaka madereva wakazoea. Drahomíra alipika halušky, vidonge vya unga na viazi, kwa mkono mmoja, mumewe akimshikia bakuli. Kanisani alifanya ishara ya msalaba kwa mkono wa kushoto, macho chini, na padri akaendelea na ibada, maana nusu ya waumini walikuwa hivyo hivyo.

Usingizi ukamkataa Drahomíra. Akaomba kura irudiwe. Mwalimu mkuu aliuliza nani anataka mtoto abaki. Mikono ilikuwa juu. Akauliza nani anataka aende. Ilikuwa ile ile. Basi, akasema, libaki kama lilivyo.

“Si una wa kushoto huo, Drahomíra?” baba mmoja akamtania.

Watu wakacheka. Drahomíra akaukaza huo wa kushoto kwenye mkoba wake.

Ijumaa Otília alikuja kuchukua ndara za mwanawe. Wazazi walikuwa wamejipanga ukumbini wakingoja watoto. Vendelín akaiona mikono, akadhani anaagwa, akampungia kila mtu kwa zamu, akicheka. Alipofika kwa Drahomíra akamkumbatia miguu.

“Jirani,” Drahomíra alisema, “huu mkono haushuki.”

“Naona.”

Otília alichuchumaa, akamfunga mwanawe kamba za viatu, akamshika mkono, wakatoka.