Ridhaa ya Mjomba Habibu

Babu yangu, Mzee Mwinyimvua bin Mtoro, mwenye mikorosho mingi kuliko mtu yeyote wa Mahege na meno machache kuliko wote, alifariki siku ya Ijumaa, jambo ambalo waombolezaji walilisifu kana kwamba alilipanga mwenyewe. Nilikuwa bwenini, kidato cha tatu. Mwalimu mkuu alinipa ruhusa pamoja na nasaha: nisifanye utundu msibani. Nilimwahidi kwa uso wa huzuni ambao huufanyia mazoezi mbele ya kioo.

Marehemu aliacha watoto watatu. Mkubwa, Mjomba Abdulkarimu, alikuwa na duka na lori kule Bungu, na tangu watu binafsi waliporuhusiwa kununua korosho, alitembea na mizani kama wenzake wanavyotembea na bakora. Kitindamimba, Mjomba Habibu, aliuza boriti za mikoko Nyamisati. Boriti hizo zilifika sokoni kwa lori la kaka yake. Bila lori lile zingelala matopeni mpaka kiama. Wa katikati ni mama yangu, Waride, aliyeachika, akarudi kwa baba yake, akampalilia mikorosho, na babu alipopooza akawa anamlisha, anamwogesha na kumgeuza kitandani, mwaka baada ya mwaka.

Babu hakuwa mtu wa kusahau. Alipoona hali inazidi kuwa mbaya aliwaita wote watatu, pamoja na Mwalimu Mahamudu wa madrasa, akausia kwamba kipande cha katikati ya shamba, kuanzia kisimani, kiwe cha Waride, na kilichobaki kigawanywe kisheria. Mjomba Abdulkarimu alimshika babu mkono. "Baba, tumeridhia," akasema. "Waride ametufanyia kazi yetu." Mjomba Habibu naye akasema ameridhia. Mama alilia kwa furaha, kisha akauza dhahabu yake yote na kujenga nyumba ya bati kwenye kipande kile. Babu alihamishiwa humo, akafia humo, chini ya bati lake la kwanza maishani.

Ndiyo nyumba tuliyosomea hitima. Wanaume barazani, wanawake ndani, mama nyuma ya mlango ulioachwa wazi kidogo, na mimi mlangoni, kwa cheo cha mpeleka kahawa.

Dua ilipokwisha, Mwalimu Mahamudu akasafisha koo. "Marehemu ameusia kipande hiki kwa binti yake. Lakini binti ni mrithi, na mrithi hausiwi, ila warithi wenzake wakiridhia. Nawauliza basi."

"Mimi siridhii," akasema Mjomba Abdulkarimu, kwa sauti ya mtu anayekataa sukari.

Sauti ya mama ikatoka nyuma ya mlango. "Kaka, si uliridhia? Mwalimu alikuwepo."

"Nilikuwepo, mwanangu," akasema Mwalimu. "Lakini ridhaa ya mrithi huhesabiwa mwenye mali akishafariki. Siku ile mali ilikuwa bado ya baba yenu. Kaka yako aliridhia kutoa kisicho chake."

"Mbona hukusema siku ile?"

"Mgonjwa alikuwa anatabasamu," akasema Mwalimu.

"Usinifanye mchawi, Waride," akasema Mjomba Abdulkarimu. "Yupo mtu wa Dar anataka shamba langu na la Habibu kwa pamoja, na nyumba yako imekaa katikati. Hanunui andazi lililotobolewa. Fungu lako utapata, sheria haijakudhulumu."

"Nitakaa wapi?"

"Mwanamke huolewa."

"Na nani, kaka? Au huyo mtu wako wa Dar ananunua na wajane wa talaka?"

Mtu mmoja alicheka, akakigeuza kicheko kuwa kikohozi. Mimi nilichangia kwa njia yangu: nilimpelekea Mjomba Abdulkarimu kikombe cha kahawa chenye chumvi ya kutosha kukausha papa. Akakinywa chote bila kukunja uso, akaniomba kingine. Hapo nikaogopa kweli.

"Ridhaa ni ya kila mtu kwa fungu lake," akaendelea Mwalimu. "Habibu akiridhia, fungu lake litajazia la dada yake, na nyumba itabaki ilipo."

Watu wote wakamgeukia Mjomba Habibu.

"Sema, mdogo wangu," akasema Mjomba Abdulkarimu. "Hakuna anayekulazimisha. Lori lile pale nje. Kesho linakwenda Nyamisati, au haliendi. Ni wewe tu."

Mjomba Habibu aliinamia kikombe chake kana kwamba kuna kitu kimezama ndani.

"Habibu," akasema mama. "Wewe nilikubeba mgongoni."

Tulisubiri. Kuku alipita barazani na hakuna aliyemfukuza.

"Aliyenyamaza hajaridhia," akasema Mwalimu Mahamudu, akaomba isomwe Fatiha.

Shamba likagawanywa mafungu matano, kila mtoto wa kiume mawili, mama moja. La mama liliangukia bondeni, ambako masika maji husimama mpaka magotini na mikorosho huwa ya manjano kama mgonjwa wa ini. Mjomba Abdulkarimu alitangaza kwamba bati na misumari ni mali ya mama, achukue asiache hata mmoja. Ukarimu huo ulisifiwa na wengi.

Tukaezua. Mimi nilikuwa juu, mama chini, akiinyoosha misumari juu ya jiwe. Ukuta tuliuacha, udongo haubebeki.

Tulikuwa tumefika chumba alichofia babu pale lori la Bungu lilipoingia, na Mjomba Habibu akashuka nyuma.

"Dada, nimekuletea boriti. Za mkoko. Mchwa hawazigusi."

"Na maji?"

"Hata maji hayaziozeshi."

"Nauliza mimi na mwanangu, Habibu. Siulizi boriti."

Alimkataza utingo asimsaidie, akazishusha peke yake, moja moja, mpaka shati likachanika begani. Alipomaliza alisimama mbele ya mama mikono ikining'inia. "Dada, nisamehe."

"Mtu wa Dar hajaja," akasema mama. "Mwalimu yuko madrasa, si mbali. Twende sasa hivi ukaseme lile neno. Bati nitalirudisha mwenyewe."

Mjomba Habibu aliitazama njia ya madrasa. Alipiga hatua moja kuifuata, wallahi niliiona nikiwa juu. Dereva akawasha gari.

Hakumwita. Aliliacha lingurume tu.

Mjomba akageuka, akapanda nyuma, akakaa mahali boriti zilipokuwa, uso ameuelekeza Bungu. Lori likaondoka. Nilitafuta neno la kuchekesha, nami sijawahi kulikosa tangu nianze kusema. Mama aliokota msumari mwingine, akaugonga mara mbili, akauangalia kwa jicho moja.

"Huu umenyooka," akasema. "Ng'oa wa pale kona."