Nungunungu wa Mayungiyungi ya Mama

Mama alituachia vitunguu kumi na viwili vya maua ya mayungiyungi na neno moja: visife. Dada yangu, ambaye ni msusi, alisema yeye hana pa kuvipanda, kibanda chake cha kusukia kimebanana. Basi nikavipanda mimi nyuma ya nyumba, maana ndimi niliyebaki nyumbani.

Siku ya nne nikakuta mashimo matatu matupu, na mwiba wa nungunungu umelala pembeni. Nikampigia dada. Akaja mbio, akalia kidogo, akasema mnyama yule ana pua balaa, kitunguu hata ukikizika vipi atakinusa tu. Tukavifukia upya tisa vilivyobaki ndani ya wavu wa kuku, juu tukaweka kifuniko cha waya. Yeye alishika koleo, mimi nikakaza waya. Nikamwaga pilipili ya unga mpaka jirani akapiga chafya, kisha nikasimika kibao: "Nungunungu, karibu. Chakula kimeisha." Dada alicheka mpaka akakaa chini.

Wiki iliyofuata narudi kutoka sokoni, vyote tisa havipo. Mwiba mwingine. Ila wavu mzima, na kifuniko kimefunguliwa kikafungwa tena, waya umesokotwa vizuri kuliko nilivyousokota mimi. Nikaunusa ule mwiba. Unanukia mafuta ya nywele.

Sijawahi kusikia nungunungu anayepaka mafuta. Lakini mama alikuwa na miiba miwili ya nungunungu ya kupasulia njia za nywele wakati wa kusuka, na alipofariki ilikwenda kwa dada.

Nilimkuta kibandani anasuka. Mlangoni makopo kumi na mawili yamejipanga, matatu yameshachipua. Nikamkabidhi miiba yake. Hakushtuka. Vidole vikiwa bado kichwani kwa mteja, akanikumbusha kwamba chuo niliacha mwaka wa pili, na kuku wa mama niliwasahau bandani siku mbili bila maji. Sasa maua angeniachia kwa lipi?

Nikamwambia angesema tu, ningempa vyote na udongo wake. Alinishikia koleo, akacheka na mimi, huku anajua.

"Basi nipe kimoja, dada. Kimoja tu nikakipande."

"Huko nyumbani si kuna nungunungu, mdogo wangu?"

Wateja wakacheka. Utani mzuri, siku nyingine ningeutunga mimi. Dada akaufuta mwiba mmoja kwenye goti, akampasulia mteja njia iliyonyooka sawasawa na za mama.