Mtani wa Upande wa Pili wa Bati

Mwishehe alifukuzwa kazi kwa kumtukana mtani wake. Hakuitwa kikaoni, hakuulizwa neno. Mlinzi alimkabidhi nguo zake ndani ya mfuko wa salfeti, akamfungulia geti.

Kiwanda kilikuwa cha mabati, Kibaha, na kazi yake ilikuwa kulisha bati kwenye mashine ya kukunja migongo. Upande wa pili alisimama Sospeter, mtu wa Tabora, kulipokea. Mashine ile ilinguruma hata mtu asisikie mawazo yake, na bati jipya hukata kidole kama linakata mhogo. Kwa hiyo wawili hao walifanya kazi kwa matusi. Mzaramo na Mnyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, na tusi la mtani halina kesi. Mwishehe akipiga kelele, Sospeter alijua bati linakuja. Sospeter akijibu, Mwishehe alijua mikono ya mwenzake iko salama.

"We mbeba mizigo! Leo nakuzika!" Mwishehe alipaza sauti asubuhi ya siku aliyofukuzwa.

"Utanizika na nini? Mzaramo na jembe wapi na wapi! Ngoja ngoma ilie kwanza!"

Meneja mpya, aliyeletwa kutoka ng'ambo na Kiswahili cha kuokoteza, alikuwa amesimama nyuma yao. Neno kuzika alikuwa analijua.

Sospeter alikimbilia ofisini kueleza. Akaambiwa arudi kazini, na mchana huohuo akawekwa upande wa kulishia, wenye mshahara mnono kidogo.

Kwenye Tume ya usuluhishi, ofisa aliyeitwa Consolata alimsikiliza Mwishehe mpaka mwisho.

"Umekaa hapo miaka mingapi, kaka?"

"Minane."

"Kwa mkataba gani?"

"Wa miezi mitano mitano. Ukiisha unapumzishwa wiki, unasaini mwingine."

Consolata alishusha pumzi. "Ndiyo janja yao hiyo. Aliyefanya kazi chini ya miezi sita, akifukuzwa kwa uonevu sheria haimlindi. Kwa karatasi zao wewe ni mgeni kila siku. Lakini mlete mtu mliyekuwa naye miaka yote, aseme kazi ilikuwa moja, aseme na lile tusi lilikuwa nini. Tunaweza kubishana. Ila iwe ndani ya siku thelathini. Zikipita, utabidi ueleze sababu ya kuchelewa, na iwe sababu ya maana."

Mtu huyo alikuwa mmoja tu. Mwishehe akaenda kumsubiri ng'ambo ya barabara, jioni, zamu inapotoka. Alimwona Sospeter akija na wenzake, akicheka, na mikononi amevaa glovu za ngozi. Glovu za Mwishehe. Naila, mkewe, ndiye aliyezishona upya vidoleni kwa uzi wa bluu. Mwishehe alizitazama zile nyuzi zikipanda na kushuka kwa ishara za mazungumzo ya mwenye kazi. Akageuka, akaondoka bila kuita.

Tangu siku hiyo hakulala vizuri. Kila akifumba macho aliuona ule upande wa kulishia, aliosikia kapewa Sospeter, akamwona amesimama pale. Alijiuliza nani alimwambia meneja asimame nyuma yao asubuhi ile. Alijiuliza mpaka swali likageuka jibu. Kodi ya chumba walichopanga Mbwawa ilipomshinda, alimchukua Naila wakahamia kwa mama yake, kijijini Kurui.

Sospeter aliwafuata hukohuko, Jumapili, ametoka kanisani na shati lake jeupe.

"Hodi! Nimesikia Mzaramo kafa, nimekuja kurithi mke!"

Naila alicheka. Alikuwa hajacheka tangu wahame, na kicheko kile kilitoka kwa ajili ya mtu yule.

"Umeshavaa mikono yangu," alisema Mwishehe. "Sasa unataka na mke."

"Na kuku je? Nao wangu!" Sospeter alijibu huku akicheka. Kisha akamtazama usoni, kicheko kikakatika. Akatoa glovu kwenye mfuko, akaziweka juu ya mkeka. "Nilikuwa nakutunzia. Mwishehe, kesho nimeomba ruhusa. Twende Tume nikaseme. Wakinifukuza na wafukuze."

"Ukaseme nini, na umekalia kiti changu? Ulikitaka siku nyingi. Toka."

"Mume wangu," Naila alisema taratibu, "mtu amejitolea."

"Nimesema atoke."

Sospeter alisimama, akasubiri kidogo, kama mtu anayesubiri upande wa pili ujibu. Kisha akaondoka.

Siku zikapita, zile thelathini zikaisha. Akirudi Tume, Consolata angemuuliza sababu ya kuchelewa, na sababu aliyokuwa nayo ilimwia aibu kuitamka.

Mwezi uliofuata mama yake Mwishehe alifariki. Watu wa Kurui walimwona Sospeter akifika, wakachangamka. Mtani wa Kinyamwezi angezuia jeneza mpaka alipwe, angeficha jembe, angelala kaburini na kudai ni mahali pake. Wafiwa wangecheka huku machozi yakiwatoka. Sospeter alimpa Mwishehe mkono, akasema, "Pole," akakaa kwenye mkeka wa nyuma.

"Mtani, mbona hutuibii jembe?" mzee Maulidi alimuuliza.

"Mimi leo mgeni tu, mzee."

Mwishehe alisikia. Alikuwa karibu kiasi cha kujibu, na tusi lilikuwa mdomoni, tamu, la zamani. Akalimeza.

Jeneza halikuzuiwa na mtu. Kaburi likafukiwa mapema kuliko walivyozoea.

Mwishehe akahesabu alivyopoteza. Kazi ya miaka minane. Chumba cha Mbwawa. Shauri lisilosikilizwa. Kicheko cha Naila. Na mtani.