Pete ya Moshi Uani kwa Elias

Mzee Tobias hakuwa na darubini. Hakuwa na mkwe Dodoma wa kumtumia darubini, hakuwa na ua uliosakafiwa wa kuisimamisha, wala wanakwaya wa kupanga foleni kwake kila baada ya sala ya jioni. Vyote hivyo alikuwa navyo jirani yake hapo Liuli, Elias, bwana samaki mstaafu, mtu ambaye tangu aache shule hajafungua kitabu kisicho cha nyimbo.

Tobias alikuwa na kitabu cha elimu ya anga. Alikinunua Mbinga enzi za masomo ya jioni, akakisoma mpaka jalada likabanduka. Miaka thelathini alizijua nyota kwa maneno tu.

Siku ya tisa tangu darubini ifike, kijicho kikamshinda, akaenda.

"Karibu, profesa," Elias akamtania. "Nilijua hutalala. Chungulia, uione sayari yangu."

Tobias akainama. Ndani ya kioo kilielea kiduara cha kijivu, kama moshi aliopuliza mvutaji kisha akaenda zake. Hiyo si sayari hata kidogo. Ni nyota iliyozeeka, ikavua ganda lake la gesi. Ukurasa wa themanini na mbili. Na aliyeonyeshwa kwanza ni huyu!

"Mpya kabisa," Elias akasema. "Nataka chuo kikuu wajue. Ila mwandiko wangu, kuku ana nafuu. Niandikie, bwana."

"Nitakuandikia," Tobias akajibu upesi mno.

Asubuhi akakaa mezani. Acha maprofesa wamcheke Elias. Akaandika, "Nimeona sayari mpya," akaitazama sentensi hiyo. Kosa lile lilikuwa limekaa ndani ya mwandiko wake mwenyewe, na yeye hajawahi kutuma kosa popote. Akachana karatasi, akaandika upya, kweli tupu.

Elias alisomewa, akakuna kichwa. "Kumbe wenzetu wanaijua? Sasa mimi nimegundua nini?"

"Umeiona. Wengi hatukuwahi."

"Basi tuwaombe ramani ya nyota." Tobias akaongeza ombi hilo chini, Elias akatia sahihi, akaingia ndani kutafuta bahasha.

Tobias akabaki na barua. "Nimeona," ilianza. Kwa mara ya kwanza maishani alikubali kufuta kwenye nakala safi: akakata "Ni", juu yake akaandika "Tu".

Bahasha ilipokuja alikuwa ameshaikunja barua. Akaitia, akailamba bahasha, akaibana kwa kiganja, akampa kondakta wa basi la Mbinga aifikishe posta.