Uzi Usiofumuka

Fundi cherehani alikuwa na fahari moja tu: kazi ya mkono wake haifumuki. Kitambaa kitachakaa, mshono utabaki. Alijisifu hivyo miaka thelathini na hakuna aliyembishia, maana kizuri chajiuza.

Nyuma ya nyumba aliyoishi na mkewe ulisimama mpichi ambao binti yao wa pekee aliuotesha kwa kokwa akiwa na miaka saba. Binti alifariki akiwa na ishirini na mbili. Kila msimu mama mtu alilila pichi la kwanza peke yake, amesimama, bila kusema na mtu. Mwaka huu shina likaanza kuvuja utomvu, na matawi yakakauka moja baada ya jingine. Mama akabandua macho matatu, vile vivimbe vinavyochipua majani, kwenye tawi lililokuwa bado zima, akayapachika kwenye miche mitatu michanga. Kuyafunga kwa uzi yasibanduke alimwachia mumewe, kwa wepesi wa vidole vyake.

Kesho yake akaitwa kwenda kumuuguza dada yake mgonjwa.

"Fundi, wiki ya nne uzikate hizo nyuzi," alimwambia mlangoni. "Mche unanenepa. Ukiziacha zitaukaba."

"Mimi unifundishe mambo ya uzi?" Fundi akacheka. "Nenda mke wangu, ukamwangalie shemeji."

Wiki ya nne alikwenda na mkasi. Macho yalikuwa yamechipua, vijani vyembamba vinang'aa. Roho ikakataa kabisa. Tangu lini fundi akakata uzi wa mshono mchanga? Na chipukizi likibanduka? Badala ya kukata, akaongeza mizunguko miwili ya uzi wa nailoni, ule wa kushonea mabegi, akarudi ndani ameridhika na nafsi yake.

Wiki ya saba upepo ukauvunja mche mmoja palepale kwenye uzi. Wa pili ulikuwa umenyauka. Wa tatu ulibakiwa na majani mawili, na uzi umezama ndani ya gome. Fundi akaelewa. Mpichi mkubwa bado ulikuwa na kitawi kimoja chenye uhai, na mkewe angeweza kuja kuchukua macho mengine. Ilihitajika simu moja tu.

Aliyepiga simu akawa mke. "Miche imeshika?"

"Imeshika yote," akasema Fundi.

"Alhamdulillahi! Basi ule mkubwa ukate, uuchome, usije ukaiambukiza hiyo michanga."

Mficha maradhi, kifo humuumbua. Fundi akaukata kwa shoka, akijidanganya kwamba ule wa majani mawili utapona. Haukupona.

Mke alirudi asubuhi. Mkoba ungali begani, akapita moja kwa moja hadi nyuma ya nyumba, akapiga magoti, akaupapasa uzi kwa ukucha.

"Ulijua lini?"

"Kabla sijaukata mkubwa."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliona aibu."

Akamwinulia mumewe uso. Hakulia.

"Mwanangu alichukuliwa na maradhi," akasema. "Hilo nililikubali, maradhi hayasikii la mtu. Leo umeniulia alichoniachia, kwa aibu ya uzi."

Akainuka, akaukaza mkoba begani, akatoka kwa mlango uleule aliouingilia. Fundi alisikia geti likifungwa, na hakuthubutu kumwita.