Mwenyeji Hasindikizwi

Sabra alipewa limau la kunusa asitapike njiani, na kaka yake Jumbe akapewa kazi ya kupakata hotpoti la mkate wa kumimina. Mama yao, Sabiha, ndiye aliyeshika usukani wa gari la kuazima. Bibi yao, Mwanasiti, alikaa mbele na baibui lake la Idi, kama mtu anayekwenda kwao. Na kwao ndiko alikokuwa anakwenda, ila siku hizi kwao kunaitwa hifadhi ya taifa, na watu huingia kutazama wanyama.

Walitoka Makorora asubuhi, wakashika njia ya Pangani. Walipofika Tongoni Jumbe akaona kibao cha magofu, akauliza kuna nini.

"Makaburi ya watu wa kale," Sabiha akasema. "Yanatunzwa."

"Umesikia, mume wangu?" Mwanasiti akamwambia mjukuu wake. "Ukitaka kaburi lako litunzwe, ufe zamani sana. Mama yangu mie alikosea, akafa juzi juzi."

Hiyo juzi ilikuwa kabla Sabiha hajaacha ziwa la mama. Baada ya mazishi yalikuja malori, ukaja na moto, na kijiji chenye msikiti, shule na minazi ya kurithi kikaambiwa hakipo. Hawakusema kimehamishwa. Walisema hakijapata kuwapo. Mwanasiti amelipigia kelele jambo hili katika kila mkutano wa hadhara uliompa nafasi, na ile isiyompa nafasi alitolewa nje akiwa bado anasema. Leo hakuja kusema. Alitaka wajukuu wasimame kwenye kaburi la mama yake, wamsomee Fatiha, basi.

Getini palikuwa na bango: ENEO HILI HALIJAPATA KUKALIWA NA BINADAMU. Askari wa hifadhi, kijana aitwaye Hosea, akainama dirishani.

"Shikamoo, mama. Karibuni sana."

"Marahaba. Salamu nimeipokea. Hiyo karibu ichukue mwenyewe. Unanikaribisha kwangu?"

Hosea akacheka kidogo, akapanda nyuma awaongoze. Akawapa watoto masharti: hakuna kushuka garini, hakuna kuita wanyama.

Hawakuita. Tembo alikuwa amesimama katikati ya njia, na gari lilipomfikia akakunja mkonga, akasema, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo. Mmechelewa."

"Tulizuiwa."

"Mbona mimi hajaniamkia?" Sabra akanung'unika.

"Mkubwa wako yule, mke mwenzangu. Mwamkie wewe."

Sabra akaliondoa limau puani, akaamkia. Tembo akaitikia, akawapisha.

"Huyo huwa mkali kwa wageni," Hosea akasema.

"Ndiyo maana," akajibu Mwanasiti.

Kwenye uwanja wa shule, ambako sasa ni majani matupu, nyati waliokuwa wamejilaza wakainuka mmoja mmoja, kama watu waliokutwa kwenye viti vya wenzao. Hapo Mwanasiti akamwambia Sabiha asimamishe gari. Akafungua mlango.

"Mama, kushuka hakuruhusiwi. Wanyama hawa ni hatari," Hosea akasema.

"Basi wewe kaa ndani, mwanangu. Hawakujui."

Hosea akakaa ndani, wengine wakashuka.

Kaburi lilikuwa chini ya mnazi, na lilikuwa limefagiwa. Ngiri alikuwa na ufagio wa chelewa mdomoni, anamalizia upande wa kichwani. Marehemu, uhai wake wote, hakuwahi kulitaja jina la mnyama huyo. Alimwita yule wa porini, na akimwona hutema mate.

Ngiri akautua ufagio. "Tuliambiwa hapana wenyewe," akasema. "Lakini maiti hajiziki. Tukaona haya."

"Mliambiwa na nani?"

Ngiri akatazama gari. Hosea akatazama redio yake ya mawasiliano.

"Umefagia vizuri," Mwanasiti akasema. "Mama asingependa, lakini waliopaswa kufagia wamefungiwa mlango. Sogea kidogo tu, tunasoma."

Ngiri akasogea, akainamisha kichwa mpaka meno yake yaliyopinda yakagusa mchanga. Jumbe akasoma, akakwama, bibi akamtoa, akaendelea hadi amina.

"Huyu tuliyemsomea anaitwa nani?" Sabra akauliza.

"Sabra. Hilo la kwako umeazima kwake."

Ndani ya gari, Hosea aliwaeleza wakubwa wake kwamba kaburi lipo, na kwamba wanyama wanalijua. Sauti ikamjibu redioni: wanyama si mashahidi, toa hao watu. Hosea akasema sawa, mkuu.

Wakati wa kutoka, tembo aliwafuata nyuma, na nyati, na ngiri mwisho, taratibu, kama mgeni anavyotolewa hadi barabarani. Hosea akashuka kufungua geti.

"Karibuni tena," akasema.

"Ahsante," Sabiha akajibu, kwa mazoea.

"Wee Sabiha, usishukuru." Mwanasiti akateremka, akampita Hosea, akasimama mbele ya wanyama. "Rudini. Mgeni ndiye husindikizwa. Mwenyeji hasindikizwi."

"Tukiulizwa, tuseme umekwenda wapi?" tembo akauliza.

"Mwambieni mama nimetoka mara moja."

Wakageuka, wakarudi. Geti likafungwa. Jumbe, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kusoma, akalisoma bango kwa sauti, silabi kwa silabi, hadi mwisho, na bibi yake akamwambia alisome tena, asije akalisahau.