Shumburere ya Udongo

Bashiri alikuwa na jicho, na kama hukulijua, angekujulisha mwenyewe hata kabla hujaketi. Kabla ya kuwa nyapara kwenye reli ya Wadachi alikuwa akiuza mtama wa Kondoa, na tangu siku hizo aliamini hakuna chombo duniani asichoweza kutaja ujazo wake kwa kukitupia macho tu. Debe tupu haliachi kuvuma.

Reli ilipokaribia Dodoma ilikwama kwenye korongo. Ilibidi lijazwe udongo kabla ya mvua, na wenye vyombo vya kuubeba walikuwa wawili. Matonya, Mgogo wa hapo hapo, alikuwa na magari ya ng'ombe yenye mbao zilizosimama wima. Bashiri alisimamia matoroli ya chuma ya kupindua, yale yenye mdomo mpana na tako jembamba. Bwana injinia alikuwa akitetemeka kwa homa, wala hakutaka hata kuishika kamba ya kupimia. Akawaita wote wawili, akauliza kila chombo kinabeba kiasi gani.

"Toroli langu moja ni sawa na magari mawili ya huyu," Bashiri akasema.

Matonya akacheka. "Mawili? Umelitazama tako lake?"

"Mimi natazama mdomo. Tena nitajaza kwa shumburere!"

Sokoni, pishi ya mfuto husawazishwa kwa kiganja, na pishi ya shumburere hurundikwa hadi iote kilele. Muuzaji akikupimia kwa shumburere, amekupenda. Lakini mtama humiminwa kapuni pale pale ulipopimwa. Haupandishwi relini ukaanza safari. Hilo jicho la Bashiri halikuliona.

Angenyamaza hapo, mambo yangeisha. Lakini watu walikuwa wamekusanyika, na mtu wa namna ile akiona masikio ulimi humwasha.

"Korongo lisipojaa kwa matoroli yangu kabla ya mvua," akapaza sauti, "udongo utakaopungua chukueni nyumbani kwangu!"

Nyumba yenyewe ilikuwa pale pale karibu na korongo, tembe mpya, kuta nene, paa la udongo lililoshindiliwa vizuri. Aliijenga kwa ajili ya Swaumu. Mama yake Swaumu, Kuluthumu, alikuwa ameapa kwamba binti yake hatoki Kondoa kwenda kulishwa vumbi la Ugogo. Angemleta mwenyewe kabla ya mvua. Akiikuta nyumba ataozesha, asipoikuta atarudi naye. Na Bashiri alimpenda Swaumu. Katika yote aliyowahi kuyasema, hilo peke yake halikuwa na chumvi.

Injinia aliamini, kwa kuwa toroli lilikuwa chuma cha kwao. Akayatoa magari ya Matonya yakabebe mataruma ya kulaza chini ya reli mbali huko, kisha akarudi kitandani.

Kazi ikaanza. Bashiri alisimama kwenye shimo la kuchimbia udongo akipiga kelele, "Rundikeni! Rundikeni!" na vibarua wakarundika, wengine wakicheka chini chini. Toroli likaondoka na kilele chake, likatikiswa na reli, likapulizwa na upepo wa Dodoma usiojua heshima, likafika korongoni limekuwa mfuto. Likapinduliwa, na lile tako jembamba likatema kiasi cha kufunikia mizizi ya mgunga. Shumburere yote ilikuwa imelala njiani, kando ya reli, ikimngoja mwenyewe aje aizoe.

Je, alibadili neno? Thubutu! Alilaumu vibarua, akalaumu upepo, akamlaumu hata fundi aliyelisuka toroli huko Udachini. Mawingu yakaanza kujikusanya na korongo limeachama vile vile, na usingizi ukamhama Bashiri kwa hofu.

Homa ya injinia ikaisha, kumbukumbu yake ikabaki. Alilitazama korongo, akaitazama nyumba, akawaita askari na vibarua wenye majembe. Matonya akarudishwa na magari yake.

"Mbukwa, Bashiri," akasalimu kwa Kigogo chake. "Paa tuanzie upande gani?"

Bashiri alilia mbele ya watu, na hakuna aliyemwonea huruma. Mdomo uliponza kichwa.

Kuta zilikuwa zikimaliziwa kubomolewa punda wa Kondoa walipotokea. Kuluthumu alitangulia, Swaumu nyuma yake, na mzigo wa vyungu na mikeka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nyumba iko wapi?"

Bashiri akanyoosha kidole korongoni, gari la Matonya lilipokuwa likimwaga udongo.

Kuluthumu akatazama sana. "Yote?"

"Yote, mama," Bashiri akasema. "Na korongo bado halijajaa."

Kuluthumu akamgeuza punda, na Swaumu, aliyekuwa bado hajashusha mzigo, akamfuata.